Lenzi gani, fokasi ipi: mwongozo kamili wa kamera ya fulu fremu kwa mpiga picha wa harusi

Saa nne usiku, ukumbi umejaa, MC ameshaita keki. Bibi harusi anachukua kipande, anamlisha mumewe, vigelegele vinapanda, nami nimepiga picha kumi na mbili mfululizo. Kesho yake nafungua kompyuta. Krimu ya keki inaonekana punje kwa punje, hata mstari wa kisu upo. Nyuso za maharusi, zilizokuwa kama nusu mita nyuma ya keki, zimeyeyuka, na ni hivyo kwenye picha zote kumi na mbili. Mama wa bibi harusi aliniulizia picha ile mara mbili, na sikuwa nayo ya kumpa.

Kamera haikuwa na kosa. Nilikuwa nimeiacha ichague yenyewe mahali pa kufokasi, yaani mahali pa kuweka ukali wa picha, na kamera ikiachiwa hivyo mara nyingi hukimbilia kitu kilicho karibu chenye mistari ya kushika. Keki ndiyo ilikuwa karibu. Tangu usiku ule nafanya maamuzi mawili kabla sijabonyeza kitufe. La kwanza ni umbali kati yangu na mtu ninayempiga, maana huo ndio unaochagua lenzi. La pili ni unene wa ile sehemu itakayotoka kali, maana huo ndio unaochagua namna ya kufokasi. Mwongozo huu unafuata mambo hayo mawili kwa mifano ya harusi za huku pwani, ninakofanyia kazi. Harusi hairudiwi, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunzia umakini.

Hatua ya 1: Jua ukubwa wa kihisi chako

Kihisi ni kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha. Fulu fremu maana yake ni kihisi chenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawa na picha moja ya filamu ya milimita 35 tuliyokuwa tukipeleka studio kusafishwa. Kamera ndogo ambazo wengi tulianza nazo zina kihisi cha APS-C, kinachozunguka milimita 23 kwa 15. Tofauti utaiona siku ya kwanza. Lenzi ya milimita 50 kwenye APS-C ya Nikon au Sony huona kama ya 75, na kwenye ya Canon kama 80, kwa hiyo ulizoea kuitumia kwa picha za uso. Ukiiweka kwenye fulu fremu ukiwa umesimama palepale, inakuletea mpaka kiuno na meza ya jirani.

Kabla hujauza kamera ya zamani, angalia lenzi zako. Lenzi za Nikon zilizotengenezewa APS-C, ziitwazo DX, na zile za Sony za aina hiyo zinaingia kwenye fulu fremu, lakini kamera inakata sehemu ya katikati tu, na megapikseli 24 zinabaki kama 10. Lenzi za EF-S, ambazo ni za APS-C za Canon, hazikai kabisa kwenye DSLR (kamera zenye kioo cha kurukaruka ndani) za fulu fremu. Kwa hiyo bei ya kuhamia fulu fremu ni bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, pamoja na lenzi. Ukiwa na fedha ya kimoja kizuri, nunua lenzi nzuri na bodi ya zamani kidogo. Nikon D750 ya mwaka 2014 au Sony A7 III ya mwaka 2018 bado zinafanya kazi ya harusi bila kulegea.

Hatua ya 2: Pima ukumbi kabla ya kuhesabu pesa

Watu huuliza, "Lenzi gani nzuri?" Mimi huwauliza, "Unasimama wapi?" Kuna hesabu moja ya fulu fremu ambayo ningependa kila mpiga picha aijue kwa moyo. Zidisha umbali wako kwa 36, kisha gawa kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana utakaoingia kwenye picha uliyoilaza.

Tuseme umesimama mita 3 kutoka kwa maharusi. Lenzi ya 24 inachukua upana wa mita 4.5. Ya 35 inachukua karibu mita 3.1, ya 50 mita 2 na ushee, na ya 85 mita 1.3 tu. Ukisimamisha kamera, upana huo ndio unakuwa urefu. Ukitaka mtu mzima kuanzia kilemba mpaka viatu, mpe mita 2 ili pasikabe: kwa 85 unahitaji kurudi nyuma mita 4.7, kwa 35 hata mita 2 zinatosha.

Sasa igeuze. Ndugu kumi wamepanga mstari mbele ya meza kuu. Kila mmoja anachukua kama nusu mita, kwa hiyo mstari ni mita 5. Kwa 50 utahitaji mita 7 za kurudi nyuma, na kwenye kumbi nyingi kabla hujafika mita 7 umeshakalia meza ya wageni. Kwa 35 zinatosha mita 5, kwa 24 mita 3 na nusu. Hesabu hiyo ndiyo inayokuambia ununue nini. Ukienda kuuona ukumbi siku mbili kabla, chukua futi kamba au hesabu hatua zako kutoka meza kuu mpaka meza ya kwanza ya wageni, andika kwenye simu.

Jambo moja kuhusu 24: inaingiza watu wengi, lakini anayesimama pembeni ananyooshwa. Shangazi aliyesimama ukingoni ataonekana na bega pana kuliko alilonalo, na atakuambia. Nikilazimika kutumia 24 kwa kundi, naacha nafasi tupu pande zote mbili na kuwaweka watu wembamba na watoto pembeni.

Hatua ya 3: Chagua lenzi kwa mpangilio wa kazi, siyo kwa sifa

Ukiwa na bodi moja, nunua zumu ya 24 mpaka 70 yenye f/2.8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), au ile ya Tamron ya 28 mpaka 75 yenye f/2.8 kwa Sony, ambayo ni nyepesi zaidi. Najua wapenzi wa lenzi za praimu, zile zisizozumu, watanipinga. Lakini shehe akianza kufungisha ndoa, mkono wa bwana harusi ukiwa ndani ya mkono wake, huna dakika ya kubadilisha lenzi. Maneno yanasemwa, yanajibiwa, yamekwisha.

Ukiwa na bodi mbili, hapo praimu zinashinda. Bodi moja inabeba 35, nyingine 85, zote za f/1.8. Ya 35 ni ya sebuleni bibi harusi anapopambwa, chumba cha mita 3 kwa 4 kimejaa mabegi, feni na shangazi zake. Ya 85 ni ya nyuso. Tundu la f/1.8 linaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8, na usiku ukumbini hiyo ndiyo tofauti ya ISO 6400 na ISO 2500 hivi, ISO ikiwa ni kiasi ambacho kamera inakuza mwanga.

Lenzi ya 70 mpaka 200 ya f/2.8 inakuwa ya lazima kanisani, pale padri au mchungaji anapokuelekeza usivuke safu fulani ya mabenchi. Kutoka mita 15, lenzi ya 200 inachukua upana wa mita 2.7, maana yake wanandoa wawili na mikono yao ikivishana pete. Nje ya hapo ni nzito na ni ghali. Kama kazi zako nyingi ni za nyumbani na ukumbini, ikodishe siku ya kanisa tu.

Lenzi ya 50 ya f/1.8 naitaja mwisho ingawa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Ni lenzi nzuri ya kujifunzia. Kwenye harusi inakuwa katikati: ndefu kwa sebule, fupi kwa uso. Wenye nayo waanze nayo, lakini wasiinunue wakidhani ndiyo mwisho wa safari.

Nitaje na safari za mbugani, kwa sababu maharusi wengi sasa wanaomba mpiga picha awafuate. Kwenye hifadhi kama Serengeti kwa kawaida gari haliruhusiwi kuacha njia, kwa hiyo umbali unaamuliwa na barabara. Simba akiwa mita 30, lenzi ya 200 inachukua upana wa mita 5.4 na simba anakuwa mdogo katikati ya majani. Ya 400 inachukua mita 2.7, na hapo mnyama anajaa. Zumu za 100 mpaka 400, au 200 mpaka 600, zinatosha. Weka mfuko wa mchele au maharage dirishani, laza lenzi juu yake, mwombe dereva azime injini. Usibadilishe lenzi gari likiwa kwenye vumbi.

Hatua ya 4: Kagua lenzi iliyotumika, na ujue mdomo wa kamera yako

Wengi wetu tunanunua lenzi zilizotumika. Adui wa pwani ni kuvu. Nilinunua 85 moja kwa mtu aliyekuwa akiihifadhi kabatini kwenye mfuko wa ngozi. Kwa nje iling'aa. Nyumbani nikawasha tochi ya simu nyuma yake, nikafungua tundu lote na kuchungulia upande wa mbele: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zilikuwa zimeota kwenye kioo cha ndani. Picha za mchana zilitoka sawa, lakini kila taa iliyoingia kwenye fremu ilimwaga ukungu.

Kwa hiyo tochi iwe mfukoni unapoenda kununua. Angalia kuvu, kisha angalia mabawa ya tundu kama yana mafuta. Zungusha pete ya fokasi usikie kama inakwaruza. Mwisho piga picha ya ukuta wa vigae au tofali ukiwa umesimama sambamba nao, tundu likiwa wazi kabisa, halafu linganisha pembe nne. Pembe zote kulegea kidogo ni kawaida. Pembe moja tu ikiwa imelegea sana kuliko wenzake, kioo cha ndani kimehama, labda lenzi ilidondoka. Iache.

Ukishaipata lenzi safi, itunze kwenye chombo cha plastiki kinachofunga kabisa, na pakiti za silika ndani. Mfuko wa ngozi unashika unyevu.

Kuhusu adapta, kile kipande kinachokalisha lenzi kwenye kamera yenye mdomo (mahali lenzi inapojifunga) usio wake, kanuni ni nyepesi. Kamera zisizo na kioo cha kurukaruka zina nafasi fupi kati ya mdomo na kihisi: Sony E ni milimita 18, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16. Lenzi za DSLR zilitengenezewa nafasi ndefu, Canon EF milimita 44, Nikon F milimita 46.5. Adapta inajaza tofauti hiyo. Lenzi za EF kwenye bodi ya Canon R kwa adapta ya Canon zinafokasi kama ziko nyumbani. Kwa Nikon kuwa makini: lenzi za zamani za AF-D zinategemea mota iliyo ndani ya bodi, na FTZ, adapta ya Nikon yenyewe, haina mota hiyo, kwa hiyo kwenye kamera za Z utafokasi kwa mkono. Nimeona watu wakibeba mzigo wa AF-D wakidhani adapta itamaliza kila kitu.

Hatua ya 5: Hesabu unene wa fokasi

Kila picha ina kipande cha umbali kinachotoka kali, mbele na nyuma yake hulegea. Nakiita unene wa fokasi. Fikiria chapati iliyosimamishwa wima mbele ya kamera, sambamba na kihisi: kilichomo ndani ya chapati ni kikali. Tundu likifunguka, chapati inakuwa nyembamba. Ukisogea karibu, inakuwa nyembamba zaidi. Lenzi ndefu vilevile.

Kwa 85 ukiwa mita 2 kutoka kwa uso, f/1.8 inakupa kama sentimita 6, f/2.8 kama 9, f/4 kama 13. Kutoka ncha ya pua mpaka sikio ni zaidi ya sentimita 10. Kwa hiyo kwa f/1.8 jicho ni kali na hereni imeanza kulegea, jambo zuri kwa picha ya mtu mmoja. Wakiwa wawili, bibi harusi mbele na mume ameegemea nyuma ya bega lake, sentimita 20 baina ya macho yao, f/1.8 haiwezi kuwashika wote, hata ufokasi vipi. Hapo ama unawaambia walaze vichwa viwe usawa mmoja, ama unabana tundu na kurudi nyuma. Mimi huwalaza vichwa. Nyuma inabaki laini na wao wanakaribiana.

Kwa kundi, lenzi fupi inakusaidia. Lenzi ya 35, ukifokasi mita 5 kwa f/5.6, inashika kuanzia mita 3 mpaka zaidi ya 15. Safu tatu za ndugu zinaingia bila wasiwasi. Fokasi kwa mtu wa safu ya mbele, katikati, na usizidi kubana mpaka f/16 ukumbini, utaua mwanga bure.

Hatua ya 6: Iambie kamera wapi, na lini

Fungua menyu. Kuna maamuzi mawili hapa, na yakichanganywa ndipo watu hupotea.

La kwanza ni lini. Kwenye Nikon na Sony utaona AF-S na AF-C, kwenye DSLR za Canon utaona One Shot na AI Servo. AF-S na One Shot hufokasi mara moja na kutulia: mtu aliyekaa, keki, mapambo. AF-C na AI Servo huendelea kufuata maadamu umeshikilia kitufe: maharusi wakiingia wakicheza, watoto, ndege. Kamera za DSLR zina na chaguo la tatu linaloamua lenyewe kati ya hayo mawili. Sikushauri. Linabadilika dakika usiyotaka.

La pili ni wapi. Kwenye DSLR chagua nukta moja, ile alama ya mahali pa kufokasi, na uihamishe wewe kwa kidole gumba. Kwenye kamera mpya washa utambuzi wa jicho, lakini usiuamini kwa kufumba macho. Nimeuona ukikosea mara tatu kwenye harusi zetu. Bibi harusi akiwa ndani ya shela, kamera wakati mwingine inashika nyuzi za wavu badala ya jicho. Wapambe wakiwa wengi, inaweza kurukia uso ulio karibu. Na mtu akigeuka upande, inaweza kuchagua jicho la mbali. Kwenye shela mimi narudi kwenye nukta moja ndogo, naiweka kwenye kope, napiga tatu, nakagua.

Halafu kitufe cha nyuma. Kwa kawaida kitufe cha kupigia kinafanya kazi mbili, kufokasi na kupiga. Zitenganishe. Ondoa fokasi kwenye kitufe cha kupigia, iache kwenye kitufe cha nyuma kilichoandikwa AF-ON. D750 haina AF-ON, lakini menyu inakuruhusu kukipa kazi hiyo kitufe cha AE-L/AF-L. Kisha iache kamera kwenye AF-C siku nzima. Ukishikilia kidole gumba, kamera inafuata. Ukikiachia, fokasi imesimama palepale, ni kama AF-S. Kidole kitasumbuka wiki moja, baada ya hapo hutarudi nyuma. Usijaribu kwa mara ya kwanza kwenye kazi ya mteja, jizoeze nyumbani kwa watoto wanaokimbia uani.

Hatua ya 7: Tafuta pa kushika gizani

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe. Kamera haimjui mtu, inajua tofauti ya mwanga na giza: mpaka, mstari, ncha. Ukiielekeza kwenye kitu kisicho na mpaka, inaenda mbele na kurudi nyuma kama anayepapasa ukutani kutafuta swichi. Kanzu nyeupe ya bwana harusi katikati ya kifua haina pa kushika. Buibui jeusi gizani halina pa kushika. Suti nyeusi vilevile. Shavu la mtu mweusi chini ya taa ya zambarau ya ukumbi ni laini, halina mstari hata mmoja.

Basi tafuta mpaka ulio kwenye umbali uleule wa jicho. Darizi ya shingoni kwenye kanzu. Viua vya kofia, vile vitundu vilivyozungushiwa uzi, ni zawadi kubwa. Ukingo wa hijabu unapokutana na paji la uso. Kola nyeupe ya shati kwenye suti. Fremu ya miwani. Wanja umepaka mstari mweusi pembeni ya weupe wa jicho, ushike huo.

Wenye DSLR za zamani wajue na hili: kwenye bodi kama Canon 5D Mark II au 6D, nukta ya katikati tu ndiyo ya msalaba, inayoona mistari ya wima na ya mlalo pia. Nukta za pembeni zinaona upande mmoja. Ukiona nukta ya pembeni inahangaika kwenye mstari ulio wazi, inamisha kamera kidogo ushike, kisha irudishe. Nukta ya katikati ya 6D inaona gizani kuliko za pembeni, na kwenye ukumbi wenye giza mimi ningeitumia hiyo peke yake.

Taa nyekundu ya flashi iliyosaidia DSLR kufokasi, kamera nyingi zisizo na kioo haziitumii. Kwa hizo mwombe kijana wa video akuwashie taa yake sekunde chache.

Hatua ya 8: Ukishafokasi, usizungushe sana

Desturi ya kufokasi kwa nukta ya katikati kisha kuzungusha kamera kupanga picha ina gharama inayohesabika. Ile chapati yako iko sambamba na kihisi, ukizungusha kamera nayo inazunguka. Umefokasi jicho mita 2, ukazungusha digrii 10 ili uso ukae juu ya fremu. Jicho sasa liko sentimita 3 mbele ya katikati ya chapati. Kwa 85 kwenye f/1.8 una sentimita 3 tu kila upande, kwa hiyo umefika ukingoni, na pumzi moja ya mteja inakutoa nje. Kwa f/4, au ukiwa mbali mita 5, desturi hiyo haina madhara makubwa. Kwa picha ya karibu na tundu wazi, hamisha nukta yenyewe mpaka juu ya jicho.

Hatua ya 9: Fokasi ya mkono, kwa pete na kwa vichochoro

Mkono wa bibi harusi wenye hina na piko, pete juu ya kidole. Kwa lenzi ya makro ya 100 ukisogea mpaka pete iwe na ukubwa uleule kwenye kihisi, unene wa fokasi kwa f/11 ni milimita moja na kitu. Fokasi otomatiki hapo itakuchosha. Weka lenzi kwenye M au MF, washa ukuzaji wa picha kwenye skrini, na usizungushe pete ya lenzi tena. Sogeza mwili wako mbele na nyuma taratibu mpaka ukingo wa jiwe uchemke kwa ukali, hapo bonyeza. Mwombe aulaze mkono juu ya mto au juu ya goti, siyo hewani. Piga picha kumi, moja itakuwa ile unayoitaka. Usiyetaka kununua makro nunua pete za kurefushia, zinakaa kati ya bodi na lenzi ya kawaida na kuifanya ifokasi karibu zaidi.

Mfano wa pili ni vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, maharusi wanapotembea na wewe unatembea kinyumenyume mbele yao. Kuta ziko karibu, mwanga unaruka kutoka kivulini kwenda juani. Weka 35, tundu f/8, fokasi kitu kilicho mita 3, kisha hamia fokasi ya mkono na usiguse tena. Kila kitu kuanzia karibu mita 2 mpaka mita 7 kitatoka kikali. Kazi yako inabaki kulinda umbali na kungoja tabasamu. Wapita njia na waliokaa barazani waombwe ruhusa kwanza, salamu moja inatosha kufungua mlango.

Hatua ya 10: Jaribu lenzi na bodi pamoja

DSLR hufokasi kwa kihisi cha pembeni, siyo kile kinachopiga picha, kwa hiyo lenzi na bodi zinaweza kupishana kidogo. Panga betri tano mezani kwa mshazari, kila moja sentimita 3 nyuma ya mwenzake. Weka kamera kwenye tripodi mita 1 na nusu, fungua tundu lote, fokasi betri ya katikati kwa nukta moja. Piga mara tano, na kila mara anza kwa kuharibu fokasi kwa mkono. Ikiwa betri ya mbele au ya nyuma ndiyo kali kila mara, 5D Mark II, 6D na D750 zina marekebisho kwenye menyu, kutoka kasoro 20 mpaka jumlisha 20. Songa hatua tano tano. Kamera zisizo na kioo hufokasi kwa kihisi chenyewe, tatizo hili kwao ni dogo sana.

Siku yenyewe

Fika ukumbini saa moja kabla ya wageni. Kama kuna kiyoyozi na nje kuna joto, acha begi limefungwa kama nusu saa kila unapotoka baridini kwenda nje, vinginevyo kioo kitapiga jasho na utapoteza kutoka kwa maharusi kwenye gari. Kisha nenda pale keki ilipowekwa. Mwombe mhudumu mmoja asimame nyuma yake, mahali maharusi watakapokuwa, na mwombe fundi taa awashe rangi atakazotumia usiku. Weka nukta kwenye jicho la mhudumu, siyo kwenye keki. Shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/160, tundu f/2.8, ISO ipande mpaka picha iwe na mwanga. Piga tatu. Kuza kwenye skrini mpaka uone kope zake. Ukiziona moja moja, mshukuru, andika namba hizo, na usiziguse mpaka MC aite keki.